Usukani Unatetemeka Ukifika 80? Tuanze na Tope Kabla ya Balansi

Mvua zikishakata hapa Dodoma, gari nyingi za kazi zinaingia gereji kwetu na lalamiko lilelile: "Fundi, nikifika 80 usukani unatetemeka, hebu nifanyie balansi." Zinakuja Land Cruiser mkonga zilizotoka Kwa Mtoro na Farkwa, Land Rover 110 za miradi, na Jimny za watu wenye mashamba ya mpunga Bahi. Mara nyingi tunaanza kwa kulala chini ya gari na tochi kumulika rimu upande wa ndani, mashine ya balansi, ile ya kusawazisha uzito wa tairi, inasubiri.

Tope linajificha huko. Udongo mweusi wa mbuga unashika chuma, ukikauka unakuwa mgumu kama tofali, na anayeosha gari kwa nje haufikii. Ukiuchokonoa kwa bisibisi linabanduka bonge zima lililopinda kufuata umbo la rimu. Likiwa limeganda upande mmoja tu, tairi imeshapata upande mzito.

Wateja wengine wanashangaa tukiwaonyesha: gari la tani mbili na zaidi litikiswe na tope la kujaa kiganja? Tupige hesabu. Tairi ya 7.50R16, inayovaliwa na mkonga nyingi, mzunguko wake ni karibu mita 2.5. Ukitembea 90 kwa saa unakwenda mita 25 kila sekunde, kwa hiyo tairi inazunguka mara 10 kwa sekunde. Gramu 50 zilizoganda kwenye ukingo wa rimu, sentimita 20 hivi kutoka katikati, kwa mwendo huo zinaivuta tairi kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4, na mvuto wenyewe unazunguka nayo: juu, mbele, chini, nyuma. Ukishuka hadi 45 nguvu hiyo inabaki robo, yaani kilo 1. Mjini husikii kitu, ila ukishika lami ya kwenda Morogoro na kuvuka Kibaigwa, mikono inakufa ganzi.

Basi tunaosha rimu ndani na nje, tunatoa mawe yaliyonasa kwenye kashata za tairi (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga ardhi), halafu tunatoka na gari barabarani. Likitulia, tumemaliza, na balansi hatukuuzii.

Lisipotulia tunakuuliza maswali, na tunaomba uyajibu kwa utulivu kwa sababu majibu yako yanatuokolea muda mwingi. Mtetemeko unausikia mikononi au kwenye kiti? Ukiwa kwenye usukani, tunaanzia tairi za mbele. Ukiwa kwenye kiti na sakafu, tunaangalia za nyuma pamoja na propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Unaanza kwenye 80 na kupungua ukivuka 110? Hiyo ni dalili ya balansi. Upo hata kwenye 30? Hapo tunashuku rimu iliyopinda au tairi yenye nundu. Unakuja ukikanyaga breki tu? Tunafungua diski na dramu, tairi haina kosa.

Balansi yenyewe ni kazi fupi ikifanywa na mtu asiye na haraka. Tunabandua risasi zote za zamani (vile vipande vidogo vya chuma vya kusawazisha uzito kwenye rimu), tunaikalisha rimu katikati ya mashine, tunapima, tunagonga risasi upande wa nje na wa ndani. Pande zote mbili ni lazima. Tairi pana ya kashata kubwa inaweza kuwa sawa kwa kurukaruka juu na chini lakini bado ikapepesuka kulia na kushoto. Mashine ikidai risasi nyingi kupita kiasi, tuseme gramu 150 na kuendelea, hatuzirundiki. Tunatoa upepo, tunaizungusha tairi nusu mzunguko juu ya rimu na kupima upya, maana mara nyingi sehemu nzito ya tairi imekutana na sehemu nzito ya rimu. Risasi za kubandika hatuzipendi kwa gari la porini, tope linazing'oa. Rimu ikiruhusu tunatumia za kugonga.

Tukirudisha tairi tunasugua kutu kwenye uso wa habu, pale rimu inapokalia, kisha tunakaza nati kwa kukingamisha. Kutu kidogo tu hapo kunailaza rimu upande, na balansi yote inakuwa kazi bure.

Kuna mtikisiko mwingine ambao tunaomba sana usiuchukulie poa. Uko kwenye 60 au 70, tairi ya mbele inapiga shimo au tuta, ghafla usukani unaanza kujirusha kulia na kushoto kwa nguvu, na hauachi mpaka karibu usimame. Huu unazipata zaidi gari zenye ekseli ya mbele ya kipande kimoja, kama mkonga, Patrol, Defender na Jimny. Ukikukuta, shika usukani imara bila kushindana nao, achia mafuta taratibu, usikanyage breki kwa kishindo, lisogeze gari pembeni.

Balansi mbovu inaweza kuuamsha huo mtikisiko, lakini chanzo chake ni kitu kinachocheza mbele. Tunapiga jeki, mtu mmoja anashika tairi kulia na kushoto na kuitikisa. Ikicheza hapo tu, tunashuku tairodi, fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele. Ikicheza na juu na chini pia, tunamwambia mwenzake akanyage breki. Mchezo ukipotea ni beringi za tairi. Ukibaki, ni beringi za kingpini, mhimili ambao tairi inageukia ukikata kona. Kisha gari linarudi chini, injini inawashwa, mmoja anachezesha usukani kidogo kidogo huku mwingine akiwa ameweka vidole kwenye kila kiungo. Bushi za ile fimbo inayozuia ekseli isisogee pembeni hukamatwa kwa njia hii, kwa sababu gari likiwa juu ya jeki huonekana nzima kabisa.

Wapo wanaoambiwa wabadilishe dampa ya stelingi, kifaa kinachomeza mitikisiko ya usukani, na kweli gari linatulia kwa muda. Dampa mpya inauficha ugonjwa, na ule mchezo unaendelea kuongezeka chini yake hadi siku mtakapokutana na shimo kubwa mkiwa mmepakia abiria. Sisi dampa tunaifunga mwisho, viungo vyote vikiwa vimeshakaza. Na kama gari lako limenyanyuliwa kwa springi ndefu, tuambie mapema. Kulinyanyua kunabadilisha pembe ya kingpini, usukani unakuwa mwepesi na hauna hamu ya kurudi katikati, na hapo hakuna kiasi cha risasi kitakachosaidia.

Ukija, njoo asubuhi, gari likiwa halina mzigo. Tairi ulizoshusha upepo kwa ajili ya mchanga au tope zijaze kwanza kufikia kipimo chake, vinginevyo dalili zitatudanganya. Lete na spea tuipime. Nyingi tunakuta zina tope la msimu uliopita. Tutasoma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikiwa imezeeka na kupasuka ubavuni tutakwambia ukweli kabla hujalipia balansi yake.

Ukishatembea kilomita 100 hivi baada ya kazi, pitia tena tukaze nati. Hiyo hatutozi.