Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwato Zinazouma na Ndoo ya Chakula cha Ng'ombe

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtazisikia kwa mhazini na ratiba ya chanjo kwa katibu, kwa hiyo sitazirudia hapa. Taarifa yangu ya mwaka huu nimeielekeza kwenye jambo moja lililotusumbua tangu masika mpaka vuli: farasi wetu wasiovaa viatu vya chuma wanatembea kama wanaokanyaga makaa. Uliza banda lolote, Kigamboni au Kunduchi, jibu ni lile lile: barabara ina mawe. Mawe yapo, sikatai. Lakini farasi mwenye ukwato mzima hupita juu ya mawe hayo ya matumbawe na kuendelea na safari. Anayeshindwa, mara nyingi chanzo kiko kwenye ndoo yake.

Dar es Salaam hatuna soko la chakula cha farasi. Tunanunua kwenye maduka ya pembejeo, na maduka hayo yanamuuzia mfugaji wa ng'ombe wa maziwa: pumba, molasi, machicha ya bia, mabingobingo yaliyokatwa, majani ya mlusina. Ng'ombe huchachua chakula tumboni kabla hakijafika utumbo mwembamba, na vijidudu vya tumbo lake huvunja sumu nyingi njiani. Farasi huchachua mwishoni, kwenye utumbo mpana. Sukari na sumu humwingia damuni kabla vijidudu havijazigusa.

Tuanze na sukari. Mfupa wa mwisho wa mguu umening'inia ndani ya ukwato kwa mamia ya vikunjo laini vilivyopachikana kama kurasa za vitabu viwili. Vikunjo hivyo vikiumia ndiyo laminitisi. Zamani tulidhani ni lazima farasi avamie nafaka ndipo augue. Mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwawekea farasi wa aina fupi (poni) wenye afya dripu ya insulini, homoni inayopanda mwilini baada ya kula sukari, na katika muda wa siku tatu hivi wakapata laminitisi. Kwa hiyo farasi mnene anayekula ndoo ya pumba na molasi kila jioni, ambaye insulini yake haishuki, anajiumiza polepole bila kuonyesha kilema cha wazi. Anapunguza urefu wa hatua tu, na anasita kugeuka kwenye sakafu ya saruji.

Dalili za mapema zinaonekana kwa jicho na mkono. Shingo ina nundu ngumu ya mafuta. Mistari ya ukuta wa ukwato haiendi sambamba: mbele imebanana, kuelekea kisiginoni inaachana. Mkata kwato akipunguza unyayo, mstari mweupe, yaani mpaka kati ya ukuta na unyayo, umepanuka na una madoa ya damu. Halafu weka vidole viwili nyuma ya kifundo cha chini, upande wa ndani na wa nje. Kwa farasi mzima mapigo hapo ni hafifu, unayatafuta. Yakigonga kidole kwa nguvu, kwenye miguu miwili ya mbele, usimtoe nje siku hiyo. Nawaomba kila saisi afundishwe jambo hili. Ni la sekunde thelathini asubuhi.

Uzito tuache kuukisia. Pima kwa sentimita mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Mzunguko wa 180 na urefu wa 165 unatoa kilo 450. Farasi huyo akiwa mnene anatakiwa apate asilimia 1.5 ya uzito wake kwa lishe kavu, yaani chakula bila maji yake: kilo 6.75, ambazo ni karibu kilo saba na nusu za hei (nyasi zilizokaushwa, ambazo bado zina unyevu kidogo) kwa siku, zilizopimwa kwa mizani. Chini ya hapo msishuke bila daktari, hasa kwa poni na punda: wakishinda njaa ghafla, mafuta hujaa kwenye damu na wanaweza kufa.

Hei ya nyasi za Rhodes ndiyo inayotufaa zaidi. Kwa farasi mwenye tatizo, sukari na wanga visizidi asilimia 10 ya lishe kavu, na hilo halijulikani kwa kunusa robota, linahitaji maabara. Wakati mnasubiri majibu, loweka hei kwenye maji baridi dakika 30 hadi 60 na mwaga maji hayo mbali na farasi, maana sukari imehamia humo. Kwa joto letu hei iliyolowekwa huchacha haraka. Loweka ya mlo mmoja tu. Malishoni, nyasi zina sukari ndogo alfajiri, nayo hupanda kadiri jua linavyowaka, hivyo wa kuchungwa achungwe hadi saa nne asubuhi kisha arudi bandani.

Mahindi yana hatari nyingine. Wanga mwingi kwa mlo mmoja hupita utumbo mwembamba haujameng'enywa, unachacha kwenye utumbo mpana na kuzalisha asidi. Kwa farasi wa kilo 450, mlo mmoja usizidi gramu 450 za wanga, ambazo ni kama gramu 650 za mahindi. Mahindi yenye ukungu yatupwe, yasipewe hata punda, kwani sumu ya ukungu mmojawapo huharibu ubongo wa wanyama hawa. Farasi akivunja stoo usiku, msisubiri achechemee. Maumivu huja baada ya siku moja au mbili, na muda wa kuokoa ni kabla ya hapo. Piteni soko la samaki la Feri mkachukue barafu, miguu ikae ndani ya maji ya barafu mpaka juu ya kifundo kwa saa 48 hadi 72 bila kukatiza, na daktari aitwe usiku huo huo.

Pumba za ngano zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, kama kumi kwa moja. Farasi anataka kinyume chake: kalsiamu iizidi fosforasi. Kila kilo ya pumba hizo iongezwe gramu 40 za chokaa ya mifugo. DCP, unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi, haitatui hili, kwa sababu nayo inaleta fosforasi. Mabingobingo na nyasi za Guinea zina oksalati, inayokamata kalsiamu hata ikiwa imo chakulani. Anayezila peke yake kwa miezi huanza kuchechemea mguu huu leo na mwingine kesho, baadaye uso unavimba.

Mlusina nauweka peke yake kwa sababu umeota kila uzio wa jiji hili na watu wanauona ni lishe ya bure. Una sumu iitwayo mimosini. Ukiona singa na nywele za mkia zinapukutika na kwato zinatoa mikunjo, uliza kwanza ni nani anayekata majani, na wapi.

Shaba na zinki huimarisha ukuta mgumu wa ukwato: farasi wa kilo 500 anahitaji takriban miligramu 100 za shaba na 400 za zinki kwa siku. Seleniamu inataka uangalifu, miligramu moja inatosha. Anayechanganya virutubisho vitatu vyenye seleniamu anaweza kupasua kwato alizotaka kuzitibu. Biotini, miligramu 20 kwa siku, inasaidia baadhi, lakini ukuta wa mbele huchukua miezi 9 hadi 12 kukua upya. Aliyeacha baada ya kopo moja hajajaribu kitu.

Si kila maumivu ni ya chakula. Mguu mmoja ukilemaa ghafla, hasa baada ya mvua, tafuteni usaha ndani ya ukwato. Farasi wa zaidi ya miaka 15 mwenye manyoya marefu katika joto hili apimwe tezi ya ubongo. Jike ambaye kondo la nyuma halijatoka saa tatu baada ya kuzaa ni dharura, na laminitisi ni moja ya matokeo. Sindano za steroidi kwa farasi mnene zijadiliwe na daktari kwanza. Na tabia ya kumpa dawa ya maumivu ili apandwe Jumamosi, kamati haitaivumilia tena kwenye shughuli za chama. Anayeumwa alazwe kwenye maranda au mchanga wa kina cha sentimita 15, ila hei yake iwekwe kwenye neti, asile mchanga.

Kamati inapendekeza tununue hei ya Rhodes kwa pamoja na sampuli ya kila shehena ipimwe kabla ya kulipwa yote. Mkata kwato apite kila wiki nne hadi sita. Kwenye mkutano mkuu kila banda lije na lebo za magunia yake yote pamoja na vipimo vya kifua na urefu wa kila farasi. Atakayeona neno monensini au salinomisini kwenye lebo asisubiri mkutano: gunia hilo litoke bandani leo, kwani dawa hizo za kuku na ng'ombe huharibu moyo wa farasi.

Mwenyekiti
Dar es Salaam