Onyo la HDF5 si la kunyamazishwa

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya teknolojia ilimjibu msomaji ambaye programu yake ya kusoma faili za HDF5 (muundo wa kuhifadhi data, pamoja na maktaba, yaani msimbo wa pamoja, ya kuusoma) ilikuwa ikitoa onyo kwamba matoleo ya maktaba hayalingani, kisha ikijizima kila anapoiwasha. Mkamwambia aweke HDF5_DISABLE_VERSION_CHECK, mpangilio wa kuzima ukaguzi huo wa matoleo, kuwa 2, mambo yaishe. Kweli, onyo litatoweka. Lakini mimi ni mmoja wa wanaojitolea kuifungasha maktaba hiyo kwa watumiaji wa Linux, na ushauri huo umenikera.

HDF5 huhifadhi data nyingi katika faili moja: ndani mna makundi, ndani ya makundi mna safu za namba, na kila safu inaweza kubeba maelezo yake, kama vile kipimo kilichotumika. LIGO, mradi wa Marekani wa kunasa mawimbi ya uvutano, hutoa data yake kwa muundo huu, na faili za netCDF-4 wanazotumia wataalamu wa tabianchi ni HDF5 kwa ndani.

Programu ikikompailiwa, yaani msimbo wake ukigeuzwa kuwa lugha ya mashine, hukariri mambo fulani ya maktaba, kwa mfano ukubwa wa vitambulisho, zile namba ambazo maktaba hutumia kutaja kila faili au safu iliyofunguliwa. Katika toleo la 1.10 la mwaka 2016, vitambulisho vilitoka biti 32 vikawa biti 64. Programu iliyojengwa kwa 1.8 ikikutanishwa na 1.10 itashika nusu ya kitambulisho na kudhani imeshika kizima. Ndiyo maana maktaba inagoma, tena inasema waziwazi kwamba data inaweza kuharibika. Ukiweka 1, walau onyo linaandikwa kisha kazi inaendelea. 2 hunyamazisha kila kitu. Nanyi mkachagua 2!

Mara nyingi chanzo ni mchanganyiko: hiki kimetoka kwenye hazina ya mfumo, kile kwa pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python. h5py, kifurushi cha Python cha kusoma HDF5, ikitoka pip huja na nakala yake ya HDF5, na kifurushi cha netCDF4 na yake. Sisi wa Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, tunatenganisha hata HDF5 ya kawaida na ile ya MPI (ya kugawa kazi kwa michakato mingi kwa pamoja), kila moja na saraka yake, kwa sababu faili zake za vichwa, zinazoieleza programu maktaba ilivyo, hazifanani. Kiolesura cha maktaba, yaani namna programu zinavyoiita, kikibadilika, vifurushi vyote vinavyoitegemea hujengwa upya na kupimwa upya, hadi kwenye s390x, aina ya kompyuta kubwa za IBM, ambako baiti hupangwa kinyume na kompyuta nyingi za mezani. Huko ndiko msimbo wa kubahatisha huumbuka. (Kazi hii haina shukrani, ila hilo si la leo.)

Msomaji wenu afungue mazingira mapya ya Python, yaliyotengwa na mengine, na asakinishe kila kitu kutoka chanzo kimoja. Kisha achapishe h5py.version.info, aone toleo lililotumika kujenga na linaloendeshwa. Faili alizoandika onyo likiwa limezimwa azilinganishe na data ya awali kabla ya kuzitumia. Naomba marekebisho yatoke katika safu ileile, maana ndiko atakakoangalia.

Mfungashaji wa kujitolea