Mazoezi, michango na video za mechi

Wanatimu, habari za jioni. Kuanzia wiki hii mahudhurio tutayajua kwa kura hapa WhatsApp. Nitaiweka kila Alhamisi. Piga kura kabla ya saa mbili usiku ili kocha apange kikosi mapema. Asiye na simu janja, jirani yake ampitie amuulize. Sitaki mtu akose namba kikosini kwa sababu ya bando.

Mchango wa jezi ukilipa kwa M-Pesa, mtumie mweka hazina ujumbe wa muamala, naye ataandika daftarini.

Video za mechi zitumeni kama faili, zikija kawaida zinapungua ubora na kocha haoni vizuri. Za watoto, nawasihi sana, zisitoke humu bila ruhusa ya mzazi.