Kompyuta ya gemu nayo ni kazi ya mikono

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kwa miezi minne nimejenga kompyuta ndogo ya gemu ndani ya sanduku la mvule lenye njumu za shaba, mfano wa masanduku yetu ya Unguja. Mazabodi yake, yaani ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta, ni ya kipimo kidogo kiitwacho Mini-ITX, milimita 170 kwa 170, kwa hiyo sanduku zima unalipakata. Ugumu ulikuwa kwenye joto. Mbao haipitishi joto kama bati, na kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, ilipofika nyuzi 86 gemu likaanza kukwama. Marehemu babu ndiye aliyenifundisha kuchonga. Nikachukua patasi yake, nikatoboa ubavuni maua kama ya milango yetu ya kuchonga, tundu kwa tundu, na nyuma yake nikafunga feni ya milimita 120. Joto likashuka hadi 71.

Nilipoipeleka kwenye maonyesho ya kazi za mikono, mpokeaji alisema hivyo ni vitu vya kuchezea watoto, hata kifuniko hakukifungua. Iliniuma sana. Waandaaji, tupeni japo meza moja yenye umeme, watu waione ikiwaka.

Fundi kompyuta,
Mwanakwerekwe, Unguja