Salamu za Krismasi kutoka Mkunazini

Ndugu zangu wa ushirika wa Mkunazini, mliopo na mliotawanyika. Jamaa zangu wa Mbweni. Na nyinyi majirani zetu Waislamu ambao kila mwaka mnatuwahi kwa salamu kabla sisi wenyewe hatujakumbuka kusalimiana: sikukuu njema.

Joto limeshaingia. Kaskazi imeanza kuvuma, na Darajani maembe yamezagaa hadi njiani, boribo huku, dodo kule, na shokishoki zimefungwa mafungu mafungu kama mashada ya harusi. Ukipita nyuma ya kanisa usiku utawasikia watu wa kwaya. Sauti ya tatu bado haijakaa sawa, kama ilivyo kila mwaka, na kila mwaka siku ya mkesha hukaa sawa bila ya mtu kujua imekaaje.

Nimeombwa niandike salamu za mwaka huu. Nimekwepa miaka mitatu. Safari hii nimekamatwa. Kwa kuwa mimi si padri na mahubiri siyawezi, nitazungumza habari za nyumba tunayosalia, kanisa kuu la Anglikana hapa Mkunazini, Unguja mjini, maana Krismasi ni sikukuu ya kuzaliwa kwake pia. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873. Miaka minne baadaye, Krismasi ya 1877, watu walisali ndani yake kwa mara ya kwanza. Kuwekwa wakfu rasmi kulikuja mwaka 1903, lakini hiyo ni tarehe ya makaratasi. Tarehe yetu ni 25 Disemba, mara mbili.

Mwezi Juni wa 1873 Sultani wetu, Sayyid Barghash, alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la hapa Mkunazini likafungwa. Miezi sita na ushei baadaye kiwanja kile kile kilikuwa kinachimbwa msingi. Wageni wakija huoneshwa duara la marumaru nyeupe mbele ya madhabahu, kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watu wakapigwa viboko. Huinama wakapiga picha. Sisi tumezoea, tunalipita tukienda kukomunika, na mara nyingine nafikiri tumezoea mno.

Ila soko kufungwa si utumwa kwisha. Hilo tunalisahau. Hali ya utumwa Unguja na Pemba ilifutwa kisheria mwaka 1897, miaka ishirini baada ya ile Krismasi ya kwanza. Kwa hiyo siku waumini wa kwanza walipokuwa wakiimba humu ndani, mitaa ya jirani ilikuwa na watu wanaochota maji na kubeba mizigo, nao ni mali ya watu. Wimbo wa Krismasi wauonaje ukiusikia kutoka nje, na ndoo kichwani?

Na waliokuwa ndani, walikuwa nani? Misheni ya UMCA, ya Waanglikana wa Uingereza, ilifika Unguja mwaka 1864, Askofu Tozer na Dokta Steere, baada ya kushindwa kule bondeni mwa mto Shire, ambako Askofu Mackenzie alikufa. Mwaka huo huo Sayyid Majid, Sultani wa kabla ya Barghash, aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi lililokamatwa likiwa na watumwa. Huo ndio ushirika wetu ulipoanzia: watoto watano wasiokuwa na mjomba wala shangazi katika kisiwa hiki. Baadaye wakaongezeka wengine, jahazi baada ya jahazi, kila manowari za Kiingereza zilipokamata.

Tazameni majina ya wanafunzi wale wa mwanzo: Swedi, Mabruki, Farajallah, Feruzi. Mabruki ni aliyebarikiwa, Farajallah ni faraja ya Mungu. Ni majina waliyokuwa wakipewa watumwa, majina ya bahati kwa watu ambao bahati iliwakimbia. Misheni ikaongeza ya kwao mbele: John Swedi, Francis Mabruki. Lile mama mzazi alilolitamka kwanza halipo katika daftari lolote. John Swedi akawa shemasi mwaka 1879. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyepita njia ile ile ya jahazi, akapadirishwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni hii kuwa padri. Majaliwa! Hata ungelitafuta jina usiku kucha usingepata linalomfaa zaidi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mbweni, lile shamba misheni ililonunua mwaka 1871 kuwaweka waliokombolewa. Alisoma skuli ya wasichana ya Miss Thackeray, ambayo sasa ni magofu yenye mizizi ukutani. Nilipokuwa mdogo watoto wenzangu walikuwa wakitambiana makabila, huyu Mhadimu, huyu Mtumbatu, huyu kwao Hadhramaut. Nikamwuliza bibi, sisi kabila gani? Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Sisi kabila letu Mbweni." Baba yake aliteremshwa jahazini akiwa mtoto, na kwao alikumbuka vitu viwili tu: mto, na mlio wa watu wakitwanga asubuhi. Mito na vinu viko Afrika nzima, kwa hiyo hakuwa na pa kuanzia kutafuta.

Turudi kwenye jengo. Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka 1874, hakuwa mhandisi, lakini alikuwa mkaidi. Boriti zetu za mikoko ni fupi, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu. Yeye alitaka ukumbi mpana, akaufunika kwa kuba refu la mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, bila boriti hata moja. Husimuliwa kwamba wengi walilisubiri lianguke. Bado tunalisubiri. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1882 na amelala nyuma ya madhabahu. Kazi yake nyingine mnaitumia kila siku: alikaa na wenyeji akaandika hadithi zao, akaandika sarufi, akatafsiri Agano Jipya kwa Kiunguja. Mwaka 1928, wakubwa walipokutana Mombasa kuchagua Kiswahili kipi kiwe cha skuli na vitabu, kilichochaguliwa ni Kiunguja.

Mnazijua zile nguzo za marumaru kwenye chumba cha ubatizo zilizosimamishwa kichwa chini. Wanaotembeza wageni wana kichekesho chao: Steere alisafiri, mafundi wakazipindua, aliporudi akasema basi ziacheni. Watalii hucheka. Mimi nimezeeka na sicheki tena. Mafundi wale hawakuandikwa majina. Waliochonga, waliopanda ngazi na ndoo za chokaa, waliobeba matumbawe kutoka pwani, hatuna hata mmoja wao tunayemwombea kwa jina siku ya Watakatifu Wote. Kitu pekee humu ndani kinachosema "mimi nilikuwepo, nilifanya nilivyojua" ni zile nguzo. Nazipenda kuliko madirisha ya vioo vya rangi.

Na ule msalaba wa mti karibu na mimbari, uliochongwa kwa mbao ya mti wa Chitambo, huko ambako sasa ni Zambia, chini yake ulipozikwa moyo wa Dokta Livingstone. Wageni wa Kiskoti huusimamia muda mrefu, na ni haki yao, ni mtu wao. Mimi huwakumbuka waliombeba, Chuma na Susi na wenzao. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873. Wakaukausha mwili, wakaufunga, wakautembeza kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Pigeni hesabu: siku jiwe letu la msingi linawekwa, wao walikuwa bado njiani, maiti begani. Chuma mwenyewe alikuwa mtoto wa msafara wa watumwa, alifunguliwa mwaka 1861 na wale wale wamisheni wa mwanzo kule Shire. Alifia hapa Unguja mwaka 1882, mwaka mmoja na Steere. Susi alibatizwa hapa hapa mwaka 1886, akaitwa Daudi.

Jambo lililonishughulisha nilipokuwa nayakusanya haya ni kwamba ushirika huu haujawahi kutulia. Mwaka 1876 Steere aliondoka na kundi la waliokombolewa kwenda kuwarudisha makwao kusini. Wakaishia Masasi, wakajenga. Majaliwa naye akaenda huko kusini, Chitangali. Watu wanashushwa hapa, wanafundishwa, wanabatizwa, wanaondoka. Ndivyo ilivyo hadi leo. Tazameni viti vyetu: mwalimu wa Ruvuma, askari wa Dodoma, fundi wa Kimakonde, wasichana wa Moshi na Mbeya wanaofanya kazi kwenye mahoteli ya Nungwi na Paje. Uhamisho ukija wanaaga, na kwaya inabaki na pengo. Sisi wachache tuliozaliwa hapa ndio tunaojiita wenyeji, na wahenga wametupa "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe", nasi tunaruka zile siku mbili tunaanza na jembe: baada ya misa tunampa ufagio.

Mimi nimefanya baya kuliko hilo. Krismasi iliyopita, misa ya asubuhi, nilikuta msichana amekaa kwenye benchi letu, la pili kushoto, tulipokaa toka enzi za bibi. Kanisa lilikuwa limefurika. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo pana watu." Watu wenyewe ni shemeji yangu, ambaye hajawahi kufika kabla ya mahubiri. Akasema, "Samahani, mama," akatoka na mkoba wake, akasimama nyuma karibu na mlango. Padri akasoma Luka, akafika pale pa kukosa nafasi katika nyumba ya wageni, na mimi pembeni yangu pako wazi. Shemeji hakuja kabisa siku ile. Alikuwa na mafua.

Nilimtafuta baada ya misa ili nimkaribishe nyumbani. Wakaniambia ni wa hoteli moja ya kaskazini, amepanda daladala ya alfajiri, na zamu yake inaanza mchana, keshakimbia. Sijamwona tena mpaka leo. Huenda kahamishwa, huenda anasali kwingine. Nyumbani pilau nililokuwa nimelipika kwa jamaa wengi likabaki nusu. Niliwapelekea majirani, sahani juu ya sahani, kama wao wanavyotuletea Idi. Jirani yangu akarudisha sahani na visheti ndani, maana sahani hairudi tupu mtaani kwetu, na watoto wake wakaja kudai mkono wa Krismasi kwa sauti ile ile ya mkono wa Idi. Niliwapa, lakini moyo ulikuwa mlangoni mwa kanisa.

Basi mkesha wa mwaka huu njooni mapema, joto litakuwa kali na feni ni chache. Wa Mbweni tukutane asubuhi makaburini kwanza, na mapanga, majani yamepanda. Kwaya, sauti ya tatu, mnajijua. Mlioko Dar, Maskati na London tutawaimbia, na wenye simu nzuri watawarushia.

Na wewe unayesali nasi kwa mara ya kwanza, umetoka bara juzi hujui mtu: benchi la pili, kushoto. Ukikuta mkoba mweusi umewekwa hapo, ni wangu, nimekuwekea mahali. Usogeze ukae. Shemeji nimeshamwambia.