Barua kwa Rafiki Anayekuja Kujitolea Bergen

Bergen, Norwe

Mpendwa rafiki yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku. Nimefurahi mno kusikia kwamba hospitali yenu imekuteua katika mpango wa kubadilishana wafanyakazi unaofadhiliwa na Norec, shirika la serikali ya Norwe linaloshughulikia mabadilishano ya wafanyakazi, na kwamba utakaa hapa Bergen karibu mwaka mzima. Uliniomba nikueleze namna ya kuanza maisha, nami nimeamua kukuandikia kwa kirefu, kwa sababu nimeona wageni wengi wakijiandaa kwa baridi tu, kisha wakaja kulemewa na karatasi na upweke.

Nianze na karatasi. Ukishawasili, una siku saba za kuwasiliana na polisi ili upangiwe miadi ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kadi ya ukaazi. Miadi hiyo yaweza kuangukia wiki kadhaa mbele, kwa hiyo mwombe mwenyeji wako aanze kuishughulikia kabla hujapanda ndege. Kisha utakwenda ofisi ya kodi, ambako pasipoti yako itakaguliwa ana kwa ana. Anayekaa chini ya miezi sita hupewa namba ya muda, lakini wewe utasajiliwa kama mkazi na kupewa namba ya kudumu yenye tarakimu 11, ambazo sita za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Bila namba hiyo huwezi kupangiwa daktari wako wa kudumu, na benki nayo itasita kukufungulia akaunti. Bila akaunti hupati BankID, yaani kitambulisho cha mtandaoni ambacho watu wa huku hukitumia kusoma barua za serikali, kuona majibu ya vipimo vya hospitali na hata kutia saini mkataba wa nyumba. Hatua hizi zinafuatana, hairukwi hata moja, na zote kwa pamoja huchukua muda. Njoo na kadi ya benki ya nyumbani inayofanya kazi nje ya nchi, pamoja na akiba ya kukutosha mwezi mmoja au miwili, na vyeti vyako halisi uvibebe kwenye mkoba wa mkononi.

Kuhusu nyumba, shika jambo moja kwa nguvu. Mwenye nyumba ana haki ya kudai dhamana, ambayo kisheria haizidi kodi ya miezi sita, lakini fedha hizo huwekwa benki katika akaunti maalumu ya dhamana yenye jina lako, na hawezi kuzitoa peke yake. Mtu akikuambia umtumie dhamana kwenye akaunti yake binafsi, tena kabla hujaona chumba, achana naye mara moja, hata kama bei inavutia.

Mavazi yasikunyime usingizi. Bergen iko pwani, na mkondo wa maji ya vuguvugu wa Atlantiki huifanya isiwe na baridi kali kama miji ya bara. Kinachotawala hapa ni mvua, inayonyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Mwavuli hupinduliwa na upepo, kwa hiyo nunua koti la mvua lenye kofia. Ndani vaa fulana na suruali ya sufu inayogusa ngozi, kwa maana pamba ikilowa jasho hukaa na baridi mwilini. Usinunue vitu hivi Dar es Salaam. Hapa kuna maduka ya mitumba ya Fretex, yanayoendeshwa na Jeshi la Wokovu, na kuna vituo vya BUA vinavyoazimisha vifaa vya michezo na vya matembezi ya milimani bila malipo. Barafu inapoganda juu ya lami, tafuta vile vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya viatu, na usitoke gizani bila kuning'iniza kiakisi mwanga kwenye koti. Giza lenyewe ndilo zito: katikati ya Desemba jua huchomoza karibu saa nne kasorobo asubuhi na kuzama kama saa tisa na nusu alasiri. Wewe ni muuguzi, hivyo sina haja ya kukufundisha kuhusu vitamini D na ngozi zetu nyeusi. Kunywa kijiko cha mafuta ya ini la samaki kila siku kama wafanyavyo wenyeji, tena anza mapema, mwezi wa Septemba.

Kazini utakuta mambo mawili yatakayokusumbua. La kwanza ni kwamba daktari bingwa mwenye mvi huitwa kwa jina lake la kwanza, na hakuna shikamoo wala cheo. Moyo wako utakataa, lakini mwite hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo anavyotaka. La pili ni kubwa zaidi. Sisi tumelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa na kuitikia ndiyo ili tusimvunjie mtu heshima, hali huku mfanyakazi anayenyamaza kwenye kikao huonekana hana maoni, na anayeitikia jambo ambalo hakulielewa huhesabiwa kuwa hatari kwa mgonjwa. Sema wazi kwamba hujaelewa, uliza tena, na ukiwa na ujuzi wa nyumbani ambao wao hawana, useme bila kusubiri kuulizwa. Kikao cha saa mbili kamili huanza saa mbili kamili. Chakula cha mchana ni vipande vya mkate ulivyofunga nyumbani, huliwa mapema, na kufikia saa kumi jioni wengi wameshaondoka kwenda kuwachukua watoto wao shule za awali.

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka ulisome mara mbili. Jirani yako anaweza kupishana nawe ngazini miezi mingi akikuitikia kwa kichwa tu. Usidhani anakuchukia. Wanorwe wengi huona kwamba kumwacha mtu na shughuli zake ni adabu, na kufahamiana kwao huanzia kwenye kazi inayofanywa pamoja. Kazi hiyo huitwa dugnad, nayo inafanana sana na msaragambo wa kwetu. Kati ya Aprili na Mei utaona tangazo limebandikwa mlangoni kwamba siku fulani wakazi wote wa jengo watakutana kufagia kokoto zilizomwagwa wakati wa barafu, kupaka rangi uzio na kusafisha bustani kabla ya sikukuu ya katiba ya tarehe 17 Mei. Nenda, hata kama wewe ni mpangaji wa chumba kimoja na hakuna aliyekualika kwa mdomo. Chukua ufagio, uliza wapi uanzie, na usiondoke kabla ya kahawa na keki za wafeli, kwa kuwa hapo ndipo watu hukaa na kuulizana wanatoka wapi. Timu za michezo za watoto na bendi za matarumbeta za shule nazo huendeshwa na wazazi wanaojitolea, na minada yao ya vitu vikuukuu daima huhitaji mikono ya kubeba makabati.

Zaidi ya hapo, chagua chama kimoja tu cha kujitolea. Msalaba Mwekundu una wageni wa hiari wanaowatembelea wazee wapweke, na una vikundi vya kuwasaidia watoto kazi za shule. Ukitaka kuwa karibu na watoto utahitaji hati ya polisi ya kuonyesha kwamba huna makosa ya jinai, na chama chenyewe ndicho kitakachokupa barua ya kuiombea. Usiahidi mengi kwa furaha ya mwanzo; wenyeji humthamini mtu anayekuja kwa muda wa saa mbili tu, kila baada ya wiki mbili, bila kukosa. Kazi yoyote yenye malipo nje ya mpango wako usiikubali kabla ya kuiuliza UDI, idara ya uhamiaji, kwa sababu kibali chako kimefungwa kwenye mpango huo. Nenda pia kwenye vijiwe vya lugha vya maktaba, ambavyo havina kiingilio, na watu wakikugeuzia Kiingereza waombe kwa upole waendelee na Kinorwe.

Utakutana na Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, ambao Norwe imewapokea kama wakimbizi, wengi wao wakitokea kambi za Uganda. Kuwa nao, sali nao, wasaidie kuelewa barua za ofisini. Lakini wakikuomba uwakalimanie mbele ya daktari, kataa kwa upendo na uwaelekeze waombe mkalimani, maana sheria iliyoanza kutumika mwaka 2022 inazitaka taasisi za umma kutumia wakalimani wenye sifa pale mtu anapohitaji msaada wa lugha ili apate haki yake. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu dozi iliyotafsiriwa vibaya huua, na kwa sababu watoto wao mara nyingi ndio hutumwa kubeba habari za ugonjwa wa mama zao, jambo ambalo sheria hiyo hiyo inalikataza isipokuwa katika hali chache kama za dharura.

Kabla hujaondoka, keti na wazazi na wadogo zako uwaeleze kwamba posho utakayopewa ni ya kujikimu katika nchi ambayo kila kitu ni ghali, ili wasiuze shamba wala kukopa kwa kutegemea fedha zako.

Ukipata tarehe ya safari, nitumie namba ya ndege mapema. Nitakuja kukupokea uwanja wa ndege wa Flesland, kisha tutapanda reli ya mjini pamoja hadi kwako, nikuonyeshe ofisi ya kodi ilipo na duka la karibu, kwa kuwa ukifika Jumamosi jioni ni lazima tununue chakula siku hiyo hiyo. Jumapili maduka mengi hufungwa.

Wako akupendaye,
rafiki yako wa Bergen