Mashujaa wa Kagera warekodiwe wangali hai

Mhariri,

Naandika kuhusu maadhimisho ya Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Kila mwaka tunaona gwaride, kisha mkuki na ngao vikiwekwa mnarani kuwakumbuka waliokufa. Ni jambo la heshima, na sina ugomvi nalo. Ninachouliza ni kuhusu walio hai.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 majeshi yetu ya Tanzania yalipoingia Kampala, Aprili 1979, katika Vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, sasa amevuka 65. Wengi wa wenzake, wakiwamo mgambo waliotoka mashambani moja kwa moja, wamekwishazikwa na simulizi zao. Wajukuu wanajua jina la Idi Amin kuliko la babu aliyevuka Mto Kagera kupigana naye! Makaburi ya askari wa vita hiyo, Kaboya kule Muleba, yanatuonyesha majina tu. Hayatusimulii njaa, matope wala woga.

Naishauri Serikali, kupitia Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) na Makumbusho ya Taifa, itume watu wilayani na vinasa sauti. Waanze na mkoa wa Kagera, na wawahoji pia wajane. Kazi hii isisubiri Julai nyingine.

Msomaji wako,
Bukoba